Rimoti ya muziki inayokata ukifika jikoni

Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kochi, spika iko karibu kabisa na sikio lake, nami nipo jikoni naosha vyombo. Nikaizungusha rimoti kuongeza sauti kidogo. Kimya. Nikazungusha tena. Kimya. Nikazungusha kwa hasira, mara saba nane hivi. Sekunde mbili baadaye amri zote zikafika kwa mkupuo, tarumbeta zikalipuka sebuleni, na mama akaruka kama aliyemwagiwa maji baridi. "Baba, hiki kidude chako kinataka kuniua?" Nikamwomba radhi, nikachomoa betri ya rimoti, na siku mbili zilizofuata nikazimalizia kwenye kuutafuta ugonjwa. Nilianza na dawa isiyo yake, ndiyo maana naandika hapa njia iliyonyooka kuliko ile niliyopita.

Vyombo vyenyewe ni hivi: rimoti ya duara ya kuzungusha, yenye betri ya kidonge, inaongea kwa Bluetooth ya kutumia umeme kidogo, ile BLE. Inayopokea ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja (nitaiita Pi), iliyokaa ndani ya kabati la TV, imeunganishwa na amplifaya, na muziki wote upo kwenye diski ya nje. Kutoka kabatini hadi jikoni ni mita 9 na kuta mbili. Muziki wenyewe haupiti kwenye Bluetooth hata kidogo, zinapita amri tu: ongeza, punguza, ruka wimbo. Kwako huenda ni kifaa kingine, lakini kanuni hazibadiliki.

Kwanza soma dalili. BLE haitupi amri ovyo. Rimoti ikituma na isipojibiwa kwamba ujumbe umefika, inatuma tena na tena mpaka ijibiwe. Ndiyo sababu unapata kimya halafu mlipuko: amri zimepanga foleni ndani ya rimoti, njia ikifunguka zinamiminika zote. Dalili hiyo maana yake muunganisho upo hai ila unahangaika. Ikiwa rimoti inakata kabisa, kisha inachukua sekunde kadhaa kujiunga upya, hapo muunganisho umekufa na hali ni mbaya zaidi.

Kisha pima, na upime vitu viwili, si kimoja. Hapa ndipo mimi nilipojikwaa.

Kipimo cha kwanza ni nguvu ya mawimbi. Kwenye Pi fungua `bluetoothctl`, programu ya kuandika amri za Bluetooth, katisha muunganisho wa rimoti, kisha andika `scan on`. Simama pale pale unapopata shida, ishike rimoti jinsi unavyoishika siku zote, uizungushe ili iamke na kujitangaza. Kwenye skrini utaona RSSI, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, namba yenye alama ya kutoa mbele, kwa desibeli. Kadiri inavyosogelea sifuri ndivyo inavyokuwa bora. Kwangu mimi -60 ni raha, -75 inavumilika, na ikifika -90 anza kuomba dua. Kila desibeli 3 zinazopotea, nguvu imepungua nusu. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6. Ndani ya nyumba kuta na samani zinachukua chao juu ya hapo. Namba itarukaruka, kwa hiyo soma kama kumi hivi uchukue ya katikati.

Kipimo cha pili hakihitaji programu. Rimoti yangu inatoa "tik" vidoleni kila hatua. Unganisha upya, zungusha tik 20 kwa mwendo wa kawaida, na mtu mwingine aangalie namba ya sauti kwenye skrini. Je, inapanda tik kwa tik, au inasimama na kuruka? Mara ya kwanza nilipata -91, na tik 20 zilifika kwa mafungu matatu.

Sasa mahali pa kuweka kipokezi. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12. Bati, chuma na alumini vinalirudisha, maji yanalimeza. Pi yangu ilikuwa ndani ya kasha zuri la alumini, ndani ya kabati, nyuma ya TV ambayo mgongo wake ni bati tupu, ubavuni mwa amplifaya ambayo nayo ni sanduku la chuma. Ukitaka kuficha redio isisikike, hakuna mahali pazuri zaidi. Niliitoa kwenye kasha, nikaiweka juu ya kabati, juu zaidi ya vichwa vya watu wanaokaa. Namba ikapanda hadi -79. Usidharau kusogeza kidogo pia. Mawimbi yanagonga kuta na kurudi, yanasaidiana hapa na kuuana pale, na kwa wimbi la sentimita 12, kusogeza kipokezi upana wa kiganja kunaweza kukutoa shimoni.

Upande wa rimoti una yake. Yangu ina sumaku chini, na aliyeiunda bila shaka alifikiria friji. Nami nilikuwa nimeibandika hapo hapo, antena imelala juu ya bati. Nikaihamishia kwenye rafu ya mbao, sentimita 40 pembeni, nikapata desibeli 5 za bure. Hata mkono ni ukuta, kwa sababu mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Nikiifumbata kiganjani namba inashuka, nikiishika kwa ncha za vidole inapanda. Ukijigeuza ukaipa sebule mgongo, mwili mzima unakuwa katikati.

Hapo ningetulia, lakini tik 20 bado zilikuwa zinaruka. Nikaamua tatizo ni nguvu, nikanunua kidude cha Bluetooth cha USB chenye antena ndefu, kilichoandikwa "mita 100" kwa herufi kubwa. Nikakichomeka kwenye Pi, ubavuni mwa diski. RSSI ikawa -70, namba ambayo sikuwahi kuiota. Nikaenda jikoni, nikazungusha. Kimya, kisha mlipuko. Bahati nzuri mama alikuwa ametoka.

RSSI inakuambia rimoti inasikika kwa sauti gani. Haikuambii chumba kina kelele kiasi gani. Mtu akikuita kwa sauti katikati ya kinu cha kusaga bado hutashika anachosema. Kinu chenyewe kilikuwa diski. Vifaa vya USB 3 vikifanya kazi vinavujisha kelele pana ya redio inayofunika hata 2.4 GHz. Intel walilieleza jambo hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012, na linawasumbua watu mpaka leo kwa sababu hakuna kinachoonekana kuharibika. Nilichomoa diski, nikacheza wimbo uliohifadhiwa kwenye Pi, nikazungusha. Tik 20 kati ya 20, moja baada ya nyingine.

Tiba haikugharimu kitu. Pi 4 ina matundu mawili ya USB ya buluu na mawili meusi. Ya buluu ni USB 3, meusi ni USB 2. Nilihamishia diski kwenye tundu jeusi. Kasi ya USB 2 ni megabiti 480 kwa sekunde, wakati muziki wa ubora wa CD, hata usipobanwa, unahitaji 1.4 tu. Kelele ikaisha. Kama diski yako lazima ibaki kwenye USB 3, basi kisogeze kidude cha Bluetooth: waya wa kurefusha USB wa mita 1 unakiondoa kwenye kelele na papo hapo unakipandisha juu ya kabati. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kidude cha bei kubwa na waya huo, ningechukua waya.

Wi-Fi ni mtuhumiwa wa pili. Ndani ya Pi 4, Wi-Fi na Bluetooth zinatumia chipu moja na antena moja, kwa hiyo Pi ikivuta muziki kutoka intaneti kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz, Bluetooth inasubiri zamu. Ichomekee waya wa LAN, au uihamishie 5 GHz. Kwenye ruta, upande wa 2.4 GHz, weka upana wa chaneli uwe 20 MHz badala ya 40 na uchague chaneli 1, 6 au 11. Sababu yake ni kwamba chaneli tatu ambazo BLE inajitangazia zimepangwa kwenye mianya inayoachwa na hizo, na baada ya kuunganishwa Bluetooth inarukaruka ikikwepa penye msongamano. Ukiitawanya Wi-Fi kila mahali, unainyima pa kukimbilia. Maikrowevu nayo inapiga karibu na 2.45 GHz. Ikiwa rimoti inagoma wakati wa kupasha chakula tu, umeshampata mhalifu.

Ukiamua kununua kidude, kumbuka haya mazungumzo ni ya pande mbili. Hata kipokezi kikipiga kelele kwa miliwati 100, rimoti inaendelea kunong'ona kwa betri yake ya kidonge, na mnong'ono huo ndio unaotakiwa kufika. Antena nzuri inasaidia kusema na kusikia pia, kwa hiyo tazama antena kabla ya namba ya mita. Bluetooth 5 ina mtindo wa masafa marefu unaotuma polepole na kwa kurudiarudia, lakini lazima pande zote mbili ziwe nao, na rimoti nyingi hazina. Ukishachomeka, zima Bluetooth ya ndani ya Pi kwa kuongeza `dtoverlay=disable-bt` kwenye faili la config.txt, uwashe upya, kisha uoanishe rimoti toka mwanzo. Funguo za siri za kuoanisha za zamani ziko kwa kipokezi cha zamani. Nilipoteza saa nzima kwa kulisahau hilo.

Betri: badilisha, basi. CR2032 iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikipumzika na kuporomoka rimoti inapotuma.

Na kama katikati kuna ukuta wa zege lenye nondo, acha ubishi. Hakuna sheria inayosema kipokezi cha Bluetooth kikae karibu na spika; kiweke karibu na rimoti. Kibao kidogo cha ESP32 au Raspberry Pi Zero W kwenye korido kinaweza kupokea tik kwa Bluetooth na kuzipeleka kwa mtandao wa nyumbani hadi kwenye mashine ya muziki. Zinatembea mita 3 tu hewani kwa Bluetooth, zilizobaki ni kazi ya Wi-Fi au waya.

Jambo la mwisho nililofanya halihusu mawimbi. Kwenye programu inayopokea tik niliweka kikomo: hata zikifika 30 kwa mpigo, sauti haipandi zaidi ya asilimia 5 kwa sekunde, na tik iliyochelewa zaidi ya sekunde moja baada ya zile za mwanzo inatupwa. Leo nikiwa jikoni nasoma -66, tik 20 kwa 20. Mama mkwe amehamia kochi la upande wa pili.