Kabla Hujamlipia Kijana Masomo ya Kuchora Vibonzo vya Mtandaoni

Mimi sichori. Nikichora jogoo utadhani ni birika. Lakini mimi ndiye shangazi niliyehangaikia ada ya mpwa wangu, anayechora vile vibonzo vya kusomwa kwenye simu, unashusha kwa kidole gumba mpaka mwisho. Niliyoyaona sitaki mlezi mwingine ayaone, wala kijana mwenyewe kama ndiye anayejitafutia. Kwa hiyo shika kalamu.

Kwanza, awe anachora tayari. Sisemi "ana kipaji", maana kila mtoto aliyewahi kuharibu daftari la hesabu kwa picha ana kipaji. Awe na hadithi moja yenye sehemu nane au kumi zilizokwisha kutoka na zikasomwa na watu wasio ndugu zake. Hilo halihitaji mfadhili. Webtoon, jukwaa lililozaliwa Korea Kusini, lina upande uitwao Canvas ambako yeyote hupandisha kazi yake bure. Picha ziwe na upana wa pikseli 800, basi. Aliyeshindwa kumaliza sehemu tatu bila ada hatamaliza kumi kwa sababu umemlipia.

Pili, vifaa visile ada. Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ni bure. Nyingine, ibisPaint, inakwenda hata kwenye simu. Ubao wa kuchorea usio na kioo, wa XP-Pen au Huion, unamtosha anayeanza. Ukiagiza nje, ulizia ushuru na VAT ya 18% kabla hujalipa. Bando na umeme viandikwe kwenye bajeti.

Tatu, jua unamtafutia masomo ya aina gani, maana fedha hufuata aina ya chuo. Bodi ya Mikopo, yaani HESLB, inamkopesha aliyepata nafasi kwenye chuo kinachotambuliwa; kozi ya miezi sita ya mtandaoni usipoteze muda kuiombea huko. Na mkopo ni mkopo. Mwajiriwa hukatwa 15% ya mshahara, na aliyejiajiri hutakiwa kurejesha angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Mchora vibonzo ni wa kundi la pili. Mwambie hesabu hiyo kabla hajajaza fomu. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, inafundisha sanaa za ufundi kwa misingi imara, na mkono wa mchoraji hujengwa hapo, ila asitegemee kwamba kila mwalimu atajua hadithi ya kushusha kwa kidole inapangwaje. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unatoa mikopo. Watu wakisikia neno "mfuko" hudhani ni sadaka.

Wanaotamani Korea, serikali yao ina ufadhili uitwao GKS unaolipa ada, nauli ya ndege na posho. Karibu kila anayechaguliwa hutumia mwaka mmoja kwanza akijifunza Kikorea, na lazima afikie daraja la 3 la mtihani wa TOPIK ndipo aendelee na chuo. Aanze lugha leo, asisubiri barua.

Nne, dola. Ada ya kozi za nje huandikwa kwa dola, nawe unachangisha kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na kufika katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Kwa ada ya dola 1,000 hizo ni laki tatu zimeongezeka na wewe hujafanya kosa lolote. Ongeza kitu juu ya bajeti.

Tano, ahadi si fedha. Hili tunalijua wote kwenye kamati za harusi, lakini kwenye masomo tunasahau. Na nikuonye: watu waliochanga laki kwa ajili ya ukumbi na keki watakuuliza, "Katuni nazo zinasomewa?" Usibishane nao. Waoneshe simu, wasome sehemu moja. Aliyecheka atatoa elfu kumi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotumaliza.

Mpwa wangu alipata nafasi kwenye kozi ya mtandaoni ya miezi tisa, chuo cha nje. Kikoba changu kilitoa sehemu, ukoo ukatoa sehemu, ikabaki zaidi ya nusu. Wasomaji wake wakasema wenyewe, fungua ukurasa tuchangie. Kumbe Kickstarter na GoFundMe, tovuti za kuchangisha, hazimruhusu mtu wa Tanzania kufungua mchango, na PayPal ya huku inakuacha ulipe lakini haikuachi upokee. (Kenya wana M-Changa yao ya kuchangisha, na PayPal yao inatoa hadi M-Pesa, wenzetu wako mbele.) Tukafanya wanavyofanya wengi: tukampigia binamu yake aliyeko Uingereza, akafungua ukurasa kwa jina lake, na maelezo yakasema fedha ni za kijana wa Dar. Wiki tano, lengo likatimia. Nilipiga vigelegele pale pale dukani, wateja wakashangaa.

Kisha fedha zikazuiliwa. Ukurasa uliuliza: huyu mwenye akaunti na huyu kijana ni nani kwa nani, na tutajuaje kwamba kijana huyu yupo? Swali la haki kabisa. Tatizo lilikuwa majibu yetu. Vibonzo vyake anavitia saini kwa jina la kisanii, na ndilo wachangiaji walilolijua. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili. NIDA, kitambulisho cha taifa, ina matatu, na la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti na la kwenye cheti. Kadi yenyewe ya NIDA ilikuwa haijatoka, alikuwa na namba tu, na ukurasa ulitaka picha ya kadi. Barua ya chuo iliandikwa jina la kisanii pamoja na la baba, kwa sababu ndivyo alivyojaza fomu usiku mmoja akiwa na haraka. Na laini ambayo fedha zingeingia imesajiliwa kwa jina langu mimi, tangu akiwa mtoto wa shule.

Kijana mmoja, karatasi zikisomwa ni watu wanne, na mmoja wao ni shangazi.

Tukaenda kwa wakili kufanya kiapo cha majina. Tukakiandikia chuo kitoe barua upya, na barua ikachukua siku kumi na moja. Pasipoti ndiyo iliyotuokoa mwishowe, lakini ilipotoka siku ya mwisho ya ada ilikuwa imepita kwa siku tisa. Nafasi akapewa mwingine. Fedha za kushikia nafasi, zile za kikoba, hazirudi. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, sikusoma. Hakuna aliyeiba hata senti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumgombeza. Binamu yake alilia kwenye simu. Wachangiaji wawili walidai chao, tukawarudishia. Alisoma mwaka uliofuata, kwa ada iliyopanda.

Kwa hiyo, kabla ya fomu ya kwanza, weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, NIDA, pasipoti, usajili wa laini na akaunti ya benki. Soma majina kwa sauti, herufi kwa herufi. Yasipolingana, rekebisha sasa, kabla hujachangisha hata shilingi. Jina la kisanii libaki kwenye vibonzo. Laini iwe yake. Na pasipoti aombe hata kama hasafiri.

Mengine ni madogo. Mfadhili akija na mkataba, tafuta palipoandikwa wahusika na michoro ni mali ya nani baada ya masomo; wahusika asajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hajatia saini. Risiti piga picha. Kazi zake zihifadhiwe mahali pawili, simu huibwa Kariakoo kila siku. Anayekwambia ana mtu wa ndani anayeharakisha ufadhili kwa ada ndogo, mkatie simu. Usitangaze kwenye kundi la familia kwamba fedha zimetimia kabla hazijalipwa, maana usiku huo huo utasikia kuna mgonjwa. Na siku ya kulipa nenda asubuhi, mtandao wa benki ukiwa bado uko hewani.