SOMO: Kuweka saa ya Kiswahili kwenye skrini ya simu (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Wakuu, wiki hii watu sita wamenijia pembeni na swali lile lile: hiyo saa ya kwenye simu yako inayosoma 2:00 asubuhi badala ya 8:00 umeitoa wapi? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Kwanza, MSIGUSE saa yenyewe ya simu. Jirani yangu hapa Chuno, Mtwara, alirudisha ya kwake nyuma saa sita, WhatsApp ikamgomea kwamba tarehe ya simu si sahihi, na kurasa za intaneti zikakataa kufunguka. Sisi tunabadilisha sura tu, ya ndani inabaki ilivyo.

1. Pakua KWGT, programu ya Android ya kuunda wijeti (visanduku vya kuonyesha habari kwenye skrini), kutoka Play Store. Ya bure inatosha.

2. Bonyeza na ushikilie sehemu tupu ya skrini, chagua wijeti, tafuta KWGT, buruta ile pana.

3. Gusa hicho kisanduku kitupu, unda kipya, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua maandishi.

4. Futa fomula iliyomo, andika: $df(h:mm, r6h)$
Hiyo r ni kupunguza, 6h ni saa sita. Herufi mm ziwe ndogo. MM kubwa ni mwezi, kwa hiyo ukikosea mwezi wa Novemba saa yako itasoma dakika kumi na moja kutwa kucha.

5. Tarehe. Tulieni hapa, ndipo nilipoungua. Nilinakili fomula ya hatua ya 4, nikabadilisha herufi, ile r6h nikaiacha. Mchana kutwa ikasoma sawasawa, nikajiona fundi. Nilikuwa na tiketi ya basi la Dar, Alhamisi, kuripoti saa kumi na moja alfajiri. Saa tisa na nusu usiku nikaamka, begi liko mlangoni, mke wangu ameshafunga korosho za kumpelekea mdogo wake. Natupa jicho kwenye simu: Jumatano. Mke akauliza, "Huendi?" Nikamwonyesha skrini, nikarudi kulala. Nakuja kushtuka jua limetoka na basi linaitafuta Mnazi Mmoja ya Lindi. Nauli ikaenda, na zile korosho tumezila wenyewe.

Sababu ni kwamba r6h haipunguzi namba tu, inairudisha nyuma na kalenda. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi wijeti inakuwa bado iko jana. Ukiweka a6h, yaani kuongeza, namba za saa zinatoka zile zile, ila tarehe inaruka kesho kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wazee wetu wangeipenda, maana kwao siku huanza jua likizama. Kondakta haelewi hayo. Kwa hiyo mstari wa tarehe unaandikwa bila r6h wala a6h:
$df(EEEE d MMMM)$
Simu ikiwa kwa Kiswahili itaandika Alhamisi yenyewe. Na usiiamini kwa kuijaribu mchana. Iangalie baada ya saa sita usiku.

6. Ukitaka neno la asubuhi au jioni, ongeza maandishi mengine:
$if(df(H)<4, usiku, df(H)<6, alfajiri, df(H)<12, asubuhi, df(H)<16, mchana, df(H)<19, jioni, usiku)$
H kubwa, na hapa pia hakuna r6h.

7. Nenda Mipangilio, Programu, KWGT, Betri, ruhusu ifanye kazi bila kuzuiwa. Simu nyingi za bei zetu huua programu za nyuma ili kuokoa chaji, na saa inaganda.

8. Picha ya nyuma na thimu ni hiari yako. Mimi nimeweka ufukwe wa Msimbati. Mchanga mweupe ulimeza maandishi meupe, nikayashusha yakae juu ya maji.

MASWALI

Mwanakorosho: Mkuu yangu imeganda 4:10 tangu jana.
— Hatua ya 7.

Mwanakorosho: Nimefanya yote.
— Kwenye picha uliyoweka, betri ya KWGT bado inadhibitiwa. Soma tena, polepole.

Dogo wa Ligula: Tuma basi APK ya Pro ya bure, kuna moja inazunguka kwenye magrupu.
— Situmi. Pro, toleo la kulipia, ni ya wanaotaka kuingiza miundo ya watu wengine, na sisi tunaunda wenyewe. Hilo faili la magrupu ukilipakia kwenye simu yenye laini ya pesa, usinitafute.

Mama Nanyamba: Samahani kaka, natumia iPhone. Nasi tumo?
— Mmo dada, tena kwenu ni rahisi. Weka wijeti ya saa ya mji mmoja, ishikilie, uihariri, chagua Tokyo. Japani wako mbele yetu saa sita kamili na hawabadilishi saa majira ya joto, kwa hiyo mishale itasoma Kiswahili mwaka mzima. Hata wa Android wavivu wa fomula wanaweza kutumia njia hiyo. Siku na tarehe usizifuate, ni za Tokyo.

Mama Nanyamba: Imekubali! Marehemu baba alikuwa na saa ya ukutani, akitusomesha tuangalie upande wa pili wa mshale.
— Ndivyo tulivyofundwa wote. Mshale uko kwenye nane, wewe unasoma mbili.

Binti Mikindani: Swali la pembeni. Inaweza kuonyesha mwezi? Mama huchokoa pweza, huhesabu kwa vidole siku za bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kutoka mbali.
— Swali zuri hili. Ongeza maandishi, andika $ai(mage)$. Inatoa umri wa mwezi kwa siku, na mzunguko mzima ni kama siku 29 na nusu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, namba ikiwa karibu na sifuri au 15, bamvua huja hapo au siku moja mbili baadaye. Karibu na 7 na 22 ni maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana.

Binti Mikindani: Imeandika 14. Mama anauliza kesho maji yanatoka saa ngapi.
— KWGT hapo haina jibu. Mwambie mama akikupigia hesabu yake, uilete hapa.

Mwanakorosho: Mkuu, imetembea.
— Hatua ya 7?

Mwanakorosho: Ndiyo.