Kuifungua 720,720 kwa kalamu na karatasi

Weka simu kando. Ukiwa nayo utaambiwa namba inagawanyika au haigawanyiki, na sababu usiijue. Mimi nauza boriti hapa Lamu, na jioni wapwa zangu huja barazani na madaftari yao. Namba ninayopenda kuwapa ni hii, 720,720, kwa kuwa imejaa.

Anzia mkiani. Sufuri ya mwisho yakutosha kujua 2, 5 na 10 zimo. Kwa 4 tazama tarakimu mbili za mwisho, kwa 8 tatu, kwa 16 nne: 0720 ni 16 mara 45, imepita. Kwa 32 zatakiwa tano, na 20,720 ukiigawa hubaki 16. Basi 2 imeingia mara nne, haizidi. (Boriti huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Hapa zingetoka korja 36,036, hakuna hata boriti moja ya kusalia.)

Kisha jumlisha tarakimu zote: 18. Basi 9 imo. Msiivute kanuni hii mpaka 27, maana huko haifanyi kazi. Gawa kwa 9 upate 80,080. Jumla ya tarakimu zake ni 16, kwa hivyo 3 haimo tena.

Penye utamu ni 7, 11 na 13. Ukizizidisha pamoja wapata 1,001. Elfu moja ni pungufu ya hiyo kwa moja tu, kwa hivyo kila elfu yahesabika kama kutoa moja. Kata namba tatu tatu kutoka kulia, kisha toa fungu la maelfu: 720 kutoa 720 ni sufuri. Zote tatu zimo kwa mpigo mmoja! Jaribu 362,453. Hapo 453 kutoa 362 ni 91, yaani 7 mara 13. Basi 7 na 13 zimo, 11 haimo. Namba ikiwa na mafungu zaidi, toa, ongeza, toa, ongeza.

Sasa andika namba tasa zake: 2×2×2×2×3×3×5×7×11×13. Kutengeneza kigawo, waweza kuchukua 2 ngapi? Hata moja usichukue, au moja hadi nne: njia tano. Kwa 3 njia tatu, kwa kila moja ya zilizobaki njia mbili. 5×3×2×2×2×2 ni 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi hivyo. Ramanujan, yule Mhindi, alichapisha utafiti kuhusu namba za aina hii mwaka 1915.

Kuanzia 1 hadi 16 zote zaigawa. 17 ndiyo ya kwanza kukataa, hubaki 5. Izidishe kwa 17, upate 12,252,240, nayo yakubali mpaka 18. Kwa 19, gawa mwenyewe; jibu sahihi litakuachia 14.