Somo: Isopodi wa chini ya chungu, utawajuaje?

Inua chungu cha maua kilichokaa sehemu moja kwa miezi kadhaa. Vile vijidudu vya kijivu vinavyotawanyika ndivyo somo la leo. Ni ndugu wa kaa na kamba, wala si wa mende, ndiyo maana hawatoki kwenye unyevu. Andaa sahani nyeupe, brashi laini na lenzi ya kukuza mara 10.

Hatua ya 1. Hesabu miguu. Isopodi mkubwa ana jozi 7. Jongoo bapa huwachanganya wengi, ila jongoo ana jozi mbili kwa karibu kila pingili.

Hatua ya 2. Mguse. Akijikunja kama gololi, huenda ni Armadillidium. Vijimkia vyake ni bapa, havichomozi nyuma. Usimpe jina bado, kwani nchi za joto zina jamii nyingine zinazojikunja vilevile.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Tazama kipapasio kirefu: kina pingili tano nene, kisha ncha nyembamba. Hesabu vipande vya hiyo ncha tu. Viwili: Porcellio, Porcellionides au Armadillidium. Vitatu: Oniscus au jamaa wa Philoscia. Vikizidi kumi, na umemkuta kwenye mawe ya ufukweni akikimbia kama mende, huyo ni Ligia. Kagua vipapasio vyote viwili, maana hukatika.

Umbo peke yake linadanganya. Nilikaa wiki nzima nikimwita Philoscia mnyama wa kwenye mboji yangu, kwa kuwa tumbo lake ni jembamba ghafla kuliko kifua. Kuhesabu ncha, vipande viwili! Alikuwa Porcellionides pruinosus, ambaye binadamu wamemsambaza karibu dunia nzima. Ana unga wa kibluu mgongoni unaofutika kwa kidole.

Hatua ya 4. Mweke hai kwenye kioo, umtazame kwa chini. Madoa meupe karibu na mkia ndiyo mapafu yake: Porcellio ana jozi 2, Trachelipus ana 5. Ukishamtia kwenye spiriti, weupe huo hufifia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu ni wa bluu kama wino. Nimegundua spisi mpya?*
Pole mkuu, huyo ni mgonjwa. Kuna kirusi, iridovirusi, kinachojipanga mwilini kama fuwele na kurudisha mwanga wa bluu. Hatapona.

*Nimehesabu mara tatu, miguu ni jozi 6.*
Umehesabu sawa, ni mtoto. Huanguliwa ndani ya mfuko ulio chini ya kifua cha mama yake, na jozi ya saba huja baadaye, akishajivua gamba.

*Na huyu aliyepauka nusu ya nyuma tu?*
Anajivua. Huanza na nusu ya nyuma, ya mbele hufuata baada ya siku chache. Usimshike, ni laini.

*Wanamaliza miche yangu?*
Chakula chao hasa ni majani yaliyooza. Mche mchanga wanaweza kuutafuna, hivyo sogeza matandazo mbali na shina.

*Anakimbia mno, ncha nitaihesabuje?*
Mtie kwenye kichupa, weka kwenye friji dakika tano. Akitoka hapo utahesabu kwa raha, lakini harakisha, akipata joto tu ameondoka.