Maji kiasi gani, na sukari imeishia wapi: kupima ufanisi wa kimea unapopika bia nyumbani

Mwezi uliopita nilikaa masaa matano kwenye gereji ya shemeji yangu hapa Denver, tukitafuta kwa nini bia yake inatoka nyepesi kuliko resipe inavyosema. Anapika kwa kimea chenyewe cha shayiri, si kwa kimea cha unga cha dukani (sukari ya kimea iliyokwisha kukamuliwa na kukaushwa), na kila mara alikuwa anaongeza kilo nzima juu ya zile 5 za resipe ili mradi tu afikie nguvu inayotakiwa. Siku ile nilimwomba apike kwa kilo 5 kamili, tupime kila kitu. Namba zilizo hapa chini ni za siku hiyo.

Mchuzi mtamu unaochujwa kwenye kimea, kabla hamira haijatiwa, nitauita togwa. Makapi yanayobaki nitayaita machicha. Mtu aliyekulia Moshi kama mimi hahitaji majina mengine.

1. Ijue sufuria yako

Usiziamini alama za lita zilizogongwa kiwandani. Za sufuria yangu ya kwanza zilikosea kwa zaidi ya lita moja. Weka sufuria kwenye mizani, tia maji baridi kilo moja moja (kilo ni lita), na kila lita chonga alama kwenye mpini wa mwiko mrefu. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 36 hupanda karibu sentimita moja kwa kila lita, kwa hiyo mwiko ulioinama kidogo tu tayari umekudanganya. Usimamishe wima, katikati.

Kisha chemsha maji matupu kwa saa moja, yaache yapoe, upime yaliyopungua. Yetu yalipungua lita 3. Usiichukue namba hiyo kama yako: inategemea upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto na ukavu wa hewa. Hapa Denver hewa ni kavu, na kwa kuwa tuko juu, karibu mita 1,600, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Kama resipe imeandikwa kwa galoni, angalia ni ya wapi. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546.

2. Panga maji ukianzia mwisho

Tunataka lita 20 kwenye ndoo ya kuchachushia. Lita 2 hubaki chini ya sufuria pamoja na mashapo ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu: hiyo 22. Mvuke unachukua 3: hiyo 25. Machicha hunywa karibu lita moja kwa kila kilo, na kilo zetu ni 5: hiyo 30. Chini ya bomba la deli letu la kulowekea hubaki lita 1 isiyotoka. Jumla lita 31, zote zikipimwa baridi.

Wanaoloweka kwenye mfuko na kuukamua, machicha yao hunywa nusu ya hapo tu. Mimi siupendi mfuko kwa zaidi ya kilo 4, unaumiza mgongo na mikono, lakini hesabu ni ileile.

Sasa gawa. Ukiyasuuza machicha mara moja, kama sisi, sukari hutoka vizuri zaidi pale mchujo wa kwanza (togwa inayotoka kabla ya kusuuza) na wa pili (inayotoka baada ya kusuuza) inapolingana. Kila mmoja uwe lita 12.5. Kwa hiyo maji ya kulowekea ni 12.5 + 5 + 1, yaani 18.5, na ya kusuuzia ni 12.5. Shemeji alikuwa analoweka kwa 15 na kusuuza kwa 16 kwa sababu kuna mahali alisoma kwamba lita 3 kwa kilo ndiyo sheria. Si sheria. Kimea hakisumbuliwi na lita 3.7.

3. Loweka

Maji nyuzi 71, kimea kikiwa na joto la chumba, yanatulia kwenye 66. Koroga mpaka mabonge yaishe, funika, saa moja.

4. Pima, na hapa usiwe na haraka

Hatua hii ilinipotezea miezi minane. Nilibadilisha maji, nikanunua kinu kipya, nikabadilisha duka la kimea, na ufanisi wangu, yaani asilimia ya sukari ya kimea inayoingia kwenye togwa, ukawa 85 wiki hii na 58 wiki inayofuata. Kimea kilikuwa kilekile. Kilichokuwa kinabadilika ni namna yangu ya kupima, na makosa yalikuwa matatu. Mawili kati yake wakati mwingine yalifutana, ndiyo maana nilichelewa sana kuyaona.

Kosa la kwanza ni togwa ambayo haijachanganyika. Mchujo wa kwanza ni mzito, wa pili ni mwepesi, na ukiumimina wa pili taratibu juu ya wa kwanza, unaelea. Kwa shemeji mchujo wa kwanza ulisoma 1.063 na wa pili 1.025 (huo ni uzito wa togwa ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikizidi, namba inapanda). Alikinga sampuli kwenye bomba la chini ya sufuria, akapata 1.060, akafurahi mno. Nikamwambia akoroge kwa nguvu dakika mbili nzima, kutoka chini kwenda juu. Ikasoma 1.044. Sufuria ni ileile na dakika ni zilezile. Na kama angechota juu kwa kikombe, angepata namba ya kumkatisha tamaa, nayo pia ya uongo.

Kosa la pili ni joto la sampuli. Haidromita, kile kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa togwa, nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Nyingine, hasa za zamani za Marekani, kwenye 15.6. Imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo, isome. Togwa yenye nyuzi 60 itakuonyesha karibu nukta 15 pungufu (1.044 ni nukta 44), yaani 1.044 itaonekana kama 1.029. Zipo programu za simu zinazorekebisha, na nilizitumia kwa muda mrefu. Siziamini tena kwa togwa ya moto, kwa sababu ile sampuli inapoa kwenye bomba lake huku wewe unasoma: unaingiza nyuzi 60 wakati imeshafika 52. Mimi sasa namimina togwa kwenye bakuli la chuma, nafunika ili isipoteze mvuke, na kuliweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi. Dakika tano hadi saba inafika 20. Kioo nacho kinapona, maana haidromita zangu mbili zilipasuka kwa joto.

Kosa la tatu ni ujazo wa moto. Maji yaliyokaribia kuchemka huvimba kwa karibu asilimia 4. Mwiko wa shemeji ulionyesha lita 26 togwa ilipokuwa inakaribia kuchemka, naye akaandika 26. Ni 25. Ukipima uzito ukiwa baridi, ujazo nao uuandike wa baridi: gawanya wa moto kwa 1.04.

Kabla ya yote hayo, jaribu haidromita yenyewe kwenye maji yaliyotoneshwa yenye nyuzi 20. Isome 1.000. Ikisoma 1.003, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye boksi lake, uwe unatoa 3 kila mara.

Watu wataniuliza kuhusu rifraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone. Inahitaji matone machache tu, na hilo ni zuri. Lakini tone la moto hukauka kidogo kabla hujalifunika, hivyo linasoma juu, na hamira ikishaanza kazi kilevi huivuruga kabisa. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja, nunua haidromita nzuri na kipimajoto kizuri.

5. Hesabu

Kilo moja ya kimea cheupe ina nukta kama 300 za kutoa, ukihesabu nukta mara lita. Kilo 5 ni 1,500. Kwenye sufuria tulikuwa na lita 25 mara nukta 44, sawa na 1,100. Gawanya kwa 1,500: asilimia 73. Huo ndio ufanisi wa kuloweka na kusuuza.

Bila ule unga tulioongeza (sehemu ya 7), ndani ya ndoo zingeingia lita 20 zenye 1.050, yaani 1,000, asilimia 67. Namba hii ya pili inabeba pia zile lita 2 zilizobaki na mashapo. Watu wengi hubishana kuhusu ufanisi wakati mmoja anataja ya kwanza na mwenzake ya pili.

6. Sukari imebaki wapi?

Jibu liko kwenye mchujo wa kwanza, kabla ya kusuuza. Kwa lita 3.7 kwa kilo, wanga wote wa kimea ukigeuka sukari wakati wa kulowekwa, mchujo huo unapaswa kusoma karibu 1.071. Ukifika hapo na bado sufuria ina sukari kidogo, tatizo ni kusuuza. Wetu ulisoma 1.063. Maana yake tatizo halikuwa sukari iliyobaki kwenye machicha peke yake. Sehemu ya wanga wenyewe haikugeuka.

Tukachota machicha, tukayatandaza kwenye sahani nyeupe. Punje nzima, nyingi, ngumu ukiziuma. Duka lilikuwa linamsagia kwa rola zilizoachana mno. Nilimpa kinu changu, nikakibana mpaka milimita 1, asage polepole. Unataka kila punje ivunjike vipande huku ganda likibaki refu, kwa sababu ganda ndilo chujio lako. Wapo wanaobana mpaka unene wa kadi ya benki, milimita 0.76. Kwa mfuko sawa. Kwa deli lenye bomba, mimi siwashauri: niliwahi kukaa masaa mawili na mchujo ulioziba.

7. Kuokoa siku hiyohiyo

Resipe ilitaka lita 22 zenye 1.056, sawa na nukta 1,232. Tulikuwa na 1,100. Tungeweza kuchemsha hadi zibaki lita 19.6, au kuongeza gramu 360 za kimea cha unga, ambacho kina nukta karibu 370 kwa kilo. Tulichagua unga. Kuchemsha zaidi kunakula gesi na kunaongeza uchungu wa hopsi.

Jumamosi hii amepika tena, kilo zilezile 5, maji yaleyale 31. Mchujo wa kwanza 1.070, sufuriani lita 25 zenye 1.049, asilimia 82. Ile kilo ya sita aliyokuwa anaongeza imebaki kwenye ndoo ya kimea. Anataka sasa kupika bia nzito ya kilo 7, na nimemwambia asiipangie 82: machicha mengi yatashikilia togwa nyingi nzito, na maji ya kusuuzia hayataongezeka kulingana nayo. Apange 75, aongeze lita 2 kwenye maji ya kulowekea, na nusu kilo ya kimea cha unga iwe pembeni.