Namna ya kubaini jinsi kioo cha dirisha la kanisa la Enzi za Kati kilivyotiwa rangi

Mwongozo huu unahusu vioo vya Ulaya ya kaskazini vya karne ya 12 hadi ya 15, kama vya makanisa ya Chartres (Ufaransa), York na Canterbury (Uingereza). Kabla ya kuuliza ni madini gani yaliyotoa rangi, uliza rangi imekaa wapi: kwenye unene wote wa kioo, kwenye utando mwembamba juu ya kioo cheupe (kisicho na rangi), au imeingizwa usoni baada ya kioo kukatwa. Ukikosea hapo, vipimo vyote vitakavyofuata vitakupotosha.

1. Tazama ukingo

Lenzi ya kukuza mara 10 na taa nyuma ya kioo vinatosha. Bluu, kijani na zambarau huenea unene wote. Nyekundu ya shaba ni kali mno; ikijaa milimita 3 kioo huonekana cheusi, ndiyo maana mafundi waliilaza kama utando, au, katika karne ya 12 na ya 13, kama michirizi mingi myembamba. Ukiona njano na nyeupe kwenye kipande kimoja bila ukanda wa risasi unaounganisha vipande, hiyo ni rangi ya fedha (mchanganyiko wa fedha uliopakwa kioo na kuchomwa, ukatoa njano), ufundi ulioenea kuanzia mwanzo wa karne ya 14. Ukiikuta kwenye dirisha la karne ya 12, shuku kipande cha ukarabati.

2. Pitisha mwanga

Anza na spektromita ya mwanga (kifaa kinachoonyesha kioo kinafyonza mwanga wa urefu gani wa wimbi) kabla ya mashine ya eksirei, ambayo hupiga kioo kwa miale na kusoma ishara ya kila elementi. Eksirei huhesabu manganizi bila kujua hali yake, ilhali manganizi ileile huweza kuacha kioo karibu cheupe au kukifanya zambarau, kutegemea hewa ya tanuru. Kobalti hufyonza mwanga kwa vilele vitatu kati ya nanomita 520 na 660. Chembe za metali ya shaba (nyekundu) zina kilele karibu na 565, chembe za fedha kati ya 410 na 430, na shaba ya kijani ina mkunjo mpana karibu na 800.

3. Pima kwa eksirei ya mkononi

Hapa ndipo saa nyingi hupotea.

Kwanza, uozo. Kioo hiki kilipikwa kwa mchanga na majivu ya kuni, kwa hiyo kina potasi na kalsi nyingi, na maji ya mvua huzinyonya. Juu hubaki gamba la silika lenye jasi, ambalo unene wake huweza kupita mikromita 100. Ishara ya silika hutoka mikromita chache tu, ya potasi na kalsi makumi kadhaa. Basi potasi ikisoma chini, unapima gamba, si mapishi ya fundi. Usiripoti asilimia zake. Kulinganisha vipande, tumia elementi za stronti na zirkoni, ambazo ishara yake hutoka ndani zaidi.

Pili, risasi. Kichwa cha mashine kikikaa juu ya fremu za risasi zinazoshika vioo, kinaacha pengo la hewa na ishara hushuka. Watafiti waliopima vioo vya Canterbury, waliotoa matokeo yao 2021, walitumia kipachiko (kipande kinachovikwa kichwani mwa mashine) kilichochapwa kwa printa ya 3D ili kupima katikati ya fremu hizo. Hata kipachiko cha kujitengenezea kinafaa, mradi umbali usibadilike. Epuka pia mistari myeusi ya mchoro: ina risasi pamoja na chuma au shaba, na shaba hiyo si ya kioo.

Tatu, mistari inayopandana (kila elementi hutoa mistari yenye nishati yake, inayopimwa kwa keV):
- Kobalti (6.93 keV) hukaa ubavuni mwa mstari wa pili wa chuma (7.06). Kiasi cha 0.1% kinatosha kutoa bluu, kwa hiyo chuma kingi hukificha kirahisi.
- Aseniki (10.53) na risasi (10.55) hazitengani. Soma aseniki kwenye 11.73.
- Fedha kwenye 2.98 hufunikwa na argoni ya hewa (2.96). Isome kwenye 22.1, kwa kV 40 au zaidi pamoja na kichujio. Mashine yenye anodi (sehemu inayotoa eksirei) ya fedha haifai kabisa kwa kazi hii, hata ikiwa ghali kiasi gani.

Kisha pima nyuso zote mbili mahali palepale, sekunde 60 hadi 120. Shaba ikionekana uso mmoja tu, ni utando. Fedha ni tofauti: miale yake hupenya kioo na huweza kusomeka pande zote mbili, hivyo linganisha nguvu. Kwa kawaida upande wenye fedha nyingi ndio uliotazama nje ya kanisa.

4. Sampuli

Chukua kwenye kipande kilichokwisha kuvunjika tu, na kwa kibali. Milimita 1 hadi 2 inatosha: izamishe kwenye epoksi, isugue hadi unga wa almasi wa mikromita 1, ipake kaboni, iweke kwenye hadubini ya elektroni. Sugua kwa spiriti, kamwe si kwa maji, la sivyo unaendeleza uozo uleule unaoupima. Bluu za karne ya 12 zinastahili hatua hii kuliko rangi nyingine: baadhi ni za sodiamu, si za majivu ya kuni, na eksirei ya mkononi haiioni sodiamu.