Kabla chanjo haijafika wilayani: hesabu vichupa, usihesabu dozi

Janga jingine likija, tutatangaziwa tena mamilioni ya dozi kama tulivyotangaziwa 2021. Mimi ni nesi, na chanjo ya UVIKO-19 (korona) niliichoma kwa mikono yangu, kituoni na vijijini. Karibu kila kilichotuumiza kilikuwa kinajulikana kabla shehena haijashuka kwenye ndege. Kwa hiyo wewe unayekaa kwenye kikao cha maandalizi, wizarani au wilayani, soma haya sasa.

Usitegemee kiwanda kimoja. Machi 2021 India ilibana chanjo isitoke nje ili ihudumie watu wake, na sehemu kubwa ya mgao wa COVAX, mpango wa dunia wa kuzigawia nchi chanjo, ilikuwa inatengenezwa na kampuni ya Serum Institute ya Pune, hukohuko India. Kenya ilikuwa imeanza kuchanja mwezi huohuo, watu wakabaki wanaulizia dozi ya pili. Machi hiyohiyo ikajulikana kwamba kiwanda kimoja cha Baltimore, Marekani, kilichanganya malighafi za chanjo mbili tofauti na kuharibu dozi za Janssen (chanjo ya Johnson & Johnson) zilizokadiriwa kufika milioni 15. Na ukijenga kiwanda cha kwako, mpate mnunuzi kwanza. Aspen ya Afrika Kusini ilipata kibali cha kutengeneza chanjo ya Janssen kwa jina lake mwaka 2022, lakini oda haikuja hata moja.

Uliza tarehe ya kuisha muda kabla ya kusaini kupokea. Malawi ilipokea dozi 102,000 Machi 2021 zikiwa zimebakiza siku 18. Mei yake, karibu 20,000 zilichomwa moto Lilongwe mbele ya kamera, na picha zile zikatembea kwenye simu za watu mpaka kwetu. Congo ya Kinshasa ilipata milioni 1.7, ikachelewa kuanza, ikabidi milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Chanjo ya Pfizer ya 2021 ilikuwa na mtego wake: ikitoka kwenye baridi kali na kuingia jokofu la kawaida, ilibaki na siku 31 tu, hata kama kibandiko kilionyesha miezi. Andika tarehe mpya juu ya boksi siku hiyohiyo, kwa kalamu isiyofutika.

Jokofu lipimwe joto asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Maji ya kunywa yasiwekwe humo. Barafu za kibebeo (kiboksi cha baridi cha kubebea chanjo) ziache zitoe jasho kwanza, mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, maana chanjo hizi zikishakaa kwenye jokofu la kawaida kisha zikaganda, zimekufa.

Mabomba ya sindano yaendane na chanjo. Pfizer ya mtu mzima ni mililita 0.3, mabomba tuliyozoea kwenye chanjo za watoto ni ya 0.5. Usisubiri chanjo ifike ndipo uagize.

Sasa vichupa. Hapa naomba uniwie radhi nikirefusha.

Janssen ilikuja dozi 5 kwa kichupa, Pfizer 6, AstraZeneca ya India 10. Kuna sababu yake kiwandani. Wakati wa janga, kutengeneza dawa ni nusu ya kazi. Kuijaza kwenye vichupa na kuviziba bila kijidudu kuingia kunahitaji mitambo ambayo dunia nzima inaigombania, na vioo vyenyewe vinagombaniwa. Ukiweka dozi 10 kwenye kichupa kimoja, mtambo uleule unahudumia watu wengi zaidi kwa siku. Lakini kichupa cha chanjo hizo kikishatobolewa kilikuwa na saa zisizozidi 6, basi. Kilichookolewa kiwandani tunakilipa sisi kijijini.

Mwishoni mwa 2021 tulikuwa tunawafuata watu vijijini na Janssen. Siku moja, saa nane mchana, alifika mzee wa miaka sabini na kitu. Alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi, kisha akapanda bodaboda kwa hela yake. Shikamoo, marahaba, kadi yake ya kliniki ya presha mkononi. Kichupa cha mwisho tulichofungua kilikuwa kimekwisha. Ndani ya kibebeo vilikuwepo vingine, vizima, lakini kila kikao tulikuwa tunakumbushwa kwamba dozi zisimwagwe, na kila dozi iliyomwagwa ilitakiwa kuandikiwa maelezo. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuwasubiri wenzako wanne." Akakaa chini ya mwembe. Mpaka saa kumi walikuwa wameongezeka wawili tu. Nikaandika majina yao, nikawaomba warudi Alhamisi. Mzee akasema, "Haya, mwanangu," akaikunja kadi yake taratibu, akaondoka.

Alhamisi hakuja. Wale wawili pia hawakuja. Wiki iliyofuata tulivuka mto sisi. Tulipokelewa vizuri, tukapewa viti na maji, ila hakuna aliyekunja mkono wa shati. Mwenyekiti wa kitongoji alinivuta pembeni akanieleza bila ukali: yule mzee walimtuma wao. Angechanjwa, alale, aamke salama, wote wangekuja. Jibu alilowarudishia ni kwamba chanjo ipo, ila amenyimwa. Na watu wakiambiwa kitu kipo lakini wananyimwa, wanatafuta sababu wenyewe, na sababu walizozipata sitazirudia hapa.

Nilinusuru dozi 2, nikapoteza kaya zaidi ya arobaini.

Kwa hiyo andaa hivi. Kwenye mpango, andika idadi ya vituo na siku za huduma kwanza, halafu vichupa vitakavyofunguliwa, na dozi ziwe za mwisho. Mganga mkuu wa wilaya aidhinishe kwa maandishi, kabla kazi haijaanza, kiasi kinachoruhusiwa kumwagika, ili nesi aliye peke yake chini ya mwembe asiogope fomu kuliko anavyomwogopea mgonjwa. Mzee, mwenye ugonjwa wa kudumu au aliyetoka mbali afunguliwe kichupa hata akiwa mmoja. Muda wa saa 6 ukiwa bado upo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apige simu, apite nyumba za karibu, awalete wengine wamalizie. Panga siku ya gulio, au siku ya kliniki ya presha na sukari, watu wakiwa wamekwishakusanyika. Na usitangaze siku kabla chanjo haijaingia kwenye jokofu lako.

Mengine unayajua. Maboksi ya sindano zilizotumika yawe ya kutosha, na shimo la kuchomea lisiwe limejaa maji. Posho za madereva zitoke kabla ya safari. Mtungi wa gesi wa akiba, kama jokofu lenu ni la gesi. Mafuta ya jenereta. Orodha ya barabara zinazokatika masika. Dawa ya mzio mkali iwe ndani ya trei, isiachwe kabatini. Namba za simu za madiwani, mapadri na maimamu, uwe umeongea nao wiki mbili kabla. Ufunguo wa jokofu uwe na watu wawili, na mmoja wao awe analala karibu na kituo.